Litungu la Mahindi

Chapati za Nasambu, pale Kisumu Ndogo, Nairobi, zilikuwa laini kiasi kwamba mteja akipiga chafya zilijikunja zenyewe na kuingia kwenye karatasi. Anayebisha hajawahi kuzila. Alizipika miaka kumi na tisa katika kibanda kimoja, kati ya Musimbi muuza dagaa wa omena na kanisa la mabati ambalo spika zake zilikuwa kubwa kuliko mlango. Hakuna aliyejua ziliingizwaje. Alikuwa na binti mmoja, Hope, aliyeolewa Kakamega, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Mama Hope. Mikono yake ilikuwa imeshapatana na moto zamani. Aligeuza chapati kwa vidole huku akikupa habari za mtu wa ploti ya pili, na hakuunguza chapati wala habari.

Lakini mwaka huo, jambo lililokuwa likimkaa kooni halikuwa chapati. Ulikuwa wimbo.

Baba yake, Mzee Wanzala, alikuwa mpiga litungu kule Bungoma. Litungu ni bakuli la mti lililowambwa ngozi, lina mikono miwili iliyosimama kama pembe za ng'ombe, kijiti kimelazwa juu kutoka pembe hadi pembe, na nyuzi saba zinashuka kutoka kwenye kijiti mpaka kwenye ngozi. Kwa macho ni kitu kidogo tu. Lakini Mzee Wanzala akikigusa, ng'ombe wa ng'ambo walivuka mto wakidhani wameitwa kwa majina. Mmoja alivuka akakataa kurudi, akahesabiwa na wa huku mpaka akazeeka.

Kila alfajiri mzee alipiga wimbo uleule wa kuamsha watoto wa shule. Nasambu hakuwa mtoto wa shule. Shule ilikuwa ya kaka yake Wabwire. Nasambu aliamka kabla ya wimbo, akapiga magoti mafigani kuwasha moto, na wimbo ukamkuta pale. Uzi wa kwanza ukilia, alikuwa anawasha kiberiti. Wa pili, anapuliza. Wa tatu, moshi unamwingia machoni. Mzee alipofika mwisho wa wimbo, maji ya uji yalikuwa yanatokota na Wabwire anatoka kitandani akijikuna tumbo. Hivyo ndivyo wimbo ulivyomwingia Nasambu, kupitia magoti na moshi, na hakuna mtu aliyejua kwamba umo.

Kulikuwa na sharti moja. Kwao mwanamke hakugusa litungu. Hakulipiga, hakulihamisha. Hata vumbi likilikalia, aliitwa mtoto wa kiume aje apanguse.

Mzee alipofariki, litungu lilienda kwa Wabwire, aliyekuwa mlinzi na msimamizi wa ghorofa moja ya kupangisha kule Gatina. Wabwire akalitundika ukutani juu ya televisheni. Nyuzi zikalegea, buibui akahamia bila kulipa kodi. Ukoo ukapanga kwamba mwaka ukiisha, ukumbusho wa mzee ufanyike hapohapo Gatina, uani kwa Wabwire, maana wengi wao walikuwa Nairobi. Na Kukhu, mama yao, ambaye wajukuu walimpa jina hilo la bibi mpaka likawa la kila mtu, angeletwa kutoka Bungoma.

Nasambu akaenda kwa kaka yake miezi miwili kabla ya siku hiyo.

"Kaka, si ulishushe hapo ukutani upige kidogo siku ya mzee?"

"Nipige nini? Kwani mimi ni mpiga litungu?"

"Basi nipe mimi."

Wabwire alicheka mpaka chai ikatokea puani. "Wewe! Unataka wazee waniulize nini? Litungu la mzee lishikwe na mtu wa sketi?"

"Sketi yangu ina kucha?"

"Nasambu, sharti si langu. Ni la mzee mwenyewe. Na nimeshakodi dijei. Ana spika nne. Mzee atasikia huko aliko."

"Mzee yupi? Yule aliyekuwa akirushia redio ya jirani kopo?"

Nasambu akaenda zake akijua jambo moja tu: kama wimbo ule haungelia siku hiyo, mbele ya Kukhu na ukoo mzima, basi ulikuwa umebaki ndani ya kichwa kimoja, na kichwa chenyewe kilikuwa kimeanza kuuliza chumvi imewekwa wapi wakati chumvi imo mkononi.

Akaamua kutengeneza la kwake.

Alichukua sufuria kuukuu iliyokatika masikio, aliyoipikia maharagwe miaka yote hiyo. Akamwomba fundi wa viti amkatie ubao mwembamba, akaifunika nao mdomo. Badala ya ile mikono kama pembe akafunga miko miwili ya ugali. Kwa kijiti cha juu akatoa kile cha kusukumia chapati, akabaki anasukuma chapati zake kwa chupa ya soda, na wateja hawakugundua. Nyuzi zikawa nailoni ya kuvulia samaki, aliyoletewa na watu wa omena wa Musimbi.

Tatizo lilikuwa pale juu. Baba yake alikuwa akizungushia nyuzi kwenye vitambaa na kuvikaza kwa mkono kama mtu anayekamua nguo. Nasambu alifunga vitambaa, akapigilia misumari, akajaribu hata vibanio vya nguo. Akipiga nyuzi mbili, ya tatu imelegea. Akikaza ya tatu, ya kwanza imelala. Mwezi mzima alifanya mazoezi kwenye kitu ambacho hakikukubali kukaa sawa hata kwa muda wa kuiva chapati moja.

"Mama Hope," Musimbi alimwambia kupitia ukutani, "hicho kitu kinalia kama paka aliyekaliwa."

"Ngoja akaliwe vizuri, utamlipia kiingilio."

Basi siku moja redio ya Nasambu ikang'oka kitufe cha sauti, kikapotelea kwenye mtaro. Ni Musimbi aliyesema kuwa kule Kabiro kuna msichana Mkamba anayechapisha vitu.

"Kuchapisha vitu vipi? Vitabu?"

"Vitu, Mama Hope. Vitu vya kushika."

Nasambu alijua Musimbi ni mwongo, kwa sababu na yeye ni mwongo na wanajuana. Lakini alifunga kibanda mapema akaenda. Alimkuta msichana anaitwa Kaluki, wa Kitui, katika chumba kimoja cha mabati chenye meza, kompyuta, na mashine yenye mbavu za chuma, wazi pande zote kama kibanda kisichomalizika.

"Niaje, mathee. Karibu."

"Poa. Nimeambiwa unachapisha vitu vya kushika."

Kaluki akachukua redio, akaipima shimo kwa kipimo chenye meno mawili, akabonyeza kompyuta. Mashine ikaamka. Kichwa chake kikaanza kukimbia huku na huku, na kutoka kwenye ncha yake kukatoka uzi mwembamba kuliko tambi, ukajilaza mviringo. Kisha mwingine juu yake. Kisha mwingine. Nasambu akainama mpaka kitambaa cha kichwa kikakaribia kuingia ndani.

"Mathee, usiweke kichwa. Itakuchapisha."

Nasambu alirudi nyuma hatua moja tu. Alikuwa ameona mengi. Aliwahi kuona mafuriko yakibeba choo kikiwa na mwenye kujisaidia ndani, na mwenyewe akatoka upande wa pili akiwa amemaliza. Lakini hakuwahi kuona kitu kikiota hewani pasipo mtu kukigusa, tabaka juu ya tabaka, kama chapati inayojipika kutoka chini kwenda juu bila mpishi. Baada ya dakika ishirini kitufe kilikuwa kimesimama pale, kina mistari ya vidole na shimo lake katikati. Hakuweza kusema neno, na kwa Nasambu hilo lilikuwa ajabu ya pili.

"Babu yangu alikuwa mchongaji," Kaluki alisema akikibandua. "Yeye alitoa mti mpaka twiga akabaki. Mimi siondoi kitu. Naongeza tu mpaka kitu kifike."

"Na hii plastiki mnaitoa wapi?"

"Hii? Ni mahindi."

"Wewe msichana, mimi ni mtu mzima."

"Haki ya nani, mathee. Wanga wa mahindi. Unapikwa kiwandani huko, unageuzwa uzi."

Nasambu alishika kitufe, akakinusa, akakigeuza. Akakiingiza kwenye redio, kikaingia kama jino. Akakizungusha, sauti ikapanda. Akakizungusha nyuma, ikashuka, ikakaa palepale alipoiachia.

Hapo ndipo mkono wake ulipoganda. Unazungusha, kinapanda. Unaacha, kinakaa.

"Kaluki, mwanangu," alisema polepole, "unaweza kunitolea vya hivi saba? Virefu kidogo, vyembamba upande mmoja, vya kuingia kwenye tundu la kijiti?"

Siku tatu baadaye Nasambu alirudi na sufuria yake kichwani, miko imesimama juu kama pembe, watoto wa Kabiro wakimfuata nyuma. Kaluki alicheka, kisha akaacha kucheka, akachukua penseli. Akatoboa kijiti cha chapati matundu saba. Akachapisha vigingi saba, na viungo viwili vya kushika miko na kijiti pamoja, na kidaraja kidogo cha kuinulia nyuzi juu ya ubao. Malipo yakawa chapati za wiki mbili. Tena Kaluki akadai kwamba ni yeye aliyemdhulumu Nasambu.

Vitu vilikuwa tayari Jumatano. Ukumbusho ulikuwa Jumamosi. Nasambu alivileta Kisumu Ndogo kwenye beseni, aje kuvifunga kwa utulivu.

Jumatano hiyo mvua ilinyesha. Paa la Nasambu lilikuwa na tundu moja tu, na tundu hilo lilikuwa na shabaha. Alhamisi asubuhi alikuta beseni limejaa maji na mahindi yake yamelala chini kama samaki.

Sasa, mtu mwingine angevipangusa kwa kitambaa akaendelea na maisha. Lakini Nasambu alizaliwa katika nyumba ya ghala. Mahindi yakilowa yanaota kuvu, na mahindi yenye kuvu yanaua, hilo hata mbuzi wa Bungoma anajua. Mahindi yaliyolowa yanaanikwa. Kwa hiyo aliyachukua mahindi yake, akapanda kiti, akayatandaza juu ya mabati kwa uangalifu mkubwa, kando ya omena wa Musimbi, kisha akashuka kupika.

Jua la siku hiyo lilitoka na hasira za mvua ya jana. Mabati yalichomeka mpaka kunguru aliyetua aliondoka akitembea kwa mguu mmoja. Saa nane Nasambu alipanda kugeuza mahindi yake.

Vigingi vilikuwa vimejikunja kama mikia ya nguruwe. Kidaraja kilikuwa kimelala chali kama mlevi. Viungo viwili, vilivyokuwa nyuma ya ndoo kivulini, ndivyo tu vilivyopona.

"Kaluki!" alipiga kelele kwenye simu. "Mahindi yako yamelewa!"

"Umeyaweka wapi, mathee?"

"Nimeyaanika!"

"Umeya... nini?" Kaluki akauliza.

"Si yalilowa! Ulisema ni mahindi!"

Kaluki alicheka kama anayelia. Halafu akaacha. "Mathee, hayo ni mahindi lakini hayataki jua. Yakipata joto yanalainika. Na huku Kabiro stima imepotea tangu asubuhi, transfoma imelipuka, wanasema mpaka Jumatatu. Pole sana. Sina la kufanya."

Nasambu aliketi kwenye kiti chake. Mbele yake sufuria ya maharagwe ilikuwa na pembe lakini haina sauti. Kukhu alikuwa tayari yuko kwenye basi la kutoka Bungoma. Nasambu akaanza kuimba wimbo kimoyomoyo ajiridhishe kwamba bado uko. Kiberiti. Kupuliza. Moshi. Halafu baada ya moshi... Akakwama. Akaanza tena. Akakwama palepale.

Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa moto wa mtaa. Akakamata kigingi kimoja kilichopinda, akakibana mkononi kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa.

Maji ya chai yalikuwa yanachemka. Mkono wake mwingine, kwa mazoea tu, ulikuwa umeshachukua bonge la unga na unalikanda. Akautazama mkono huo. Chapati ikiwa moto unaikunja unavyotaka. Ikipoa, inakaa ulivyoiacha.

"Yakipata joto yanalainika," alijiambia. "Basi si yalainike!"

Akakitumbukiza kigingi kwenye maji ya chai. Akahesabu mpaka kumi, akakiopoa kwa vidole vyake visivyojua moto. Kigingi kililegea kama utando wa maziwa. Akakilaza kwenye kibao cha chapati, akachukua chupa ya soda, akakisukuma: mbele, nyuma, mbele, nyuma, kama anavyosukuma kila siku ya Mungu. Akakimwagia maji baridi. Akakiinua kwenye mwanga.

Kilikuwa kimenyooka kama mstari wa afisa wa ardhi.

Nasambu alipiga kelele mpaka Musimbi akaja na mwiko akidhani kuna mwizi. Walisimama wote wawili pale wakitazama kijiti cha mahindi kilichopikwa na mashine, kikavunjwa na jua, kikafufuliwa kwa chai.

"Mama Hope," Musimbi alinong'ona, "hii ni dawa ama ni dini?"

"Ni chapati," Nasambu akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Sita vilinyooka kabisa. Cha saba kilibaki na kikunjo kidogo, kama kidole kilichovunjika utotoni, lakini kiliingia tunduni kikashika. Kidaraja alikibana kati ya sahani mbili. Jioni ileile alifunga nyuzi zote, akazungusha vigingi, akapiga. Kiberiti. Kupuliza. Moshi. Na vidole, vikiwa na pa kusimama, vikakumbuka kinachofuata kabla kichwa hakijauliza.

Jumamosi mchana uani kwa Wabwire hapakuwa na pa kuweka mguu. Sala ilisomwa, wali ukaliwa, spika nne zikapigwa mpaka nguo za ghorofa ya tatu zikaanguka kutoka kwenye kamba. Dijei alipopumzika kunywa soda, Nasambu alisimama, akaifunua sufuria yake kutoka kwenye shuka alilokuja nalo, akakaa kwenye kiti cha plastiki nayo mapajani.

Wazee wa ukoo wakageuka kama shingo moja. Wabwire akaja mbio.

"Nasambu! Nilikuambia nini?"

"Kuhusu nini, kaka?"

"Litungu! Mwanamke hagusi litungu!"

"Litungu liko wapi?" Nasambu alitazama huku na huku. "Liko ndani juu ya televisheni, na sijaligusa. Hii ni sufuria. Hii ni miko ya ugali. Hiki ni kijiti cha chapati, na hivi vidude juu ni mahindi. Niambie, kipi hapa mwanamke wa ukoo huu hajawahi kugusa?"

Watu wakaanza kucheka, kisha wakajizuia kwa sababu ya wazee. Mzee mmoja akasema plastiki haiwezi kuwa mahindi. Ndipo Kukhu alipoinua fimbo.

"Leteni hapa."

Nasambu akamsogezea. Kukhu alipapasa sufuria, akapapasa miko, akafika kwenye vigingi. Akainamisha kichwa, akatoa ulimi, akalamba kigingi cha saba, chenye kikunjo.

"Ni mahindi," Kukhu alisema. "Yamekosa chumvi tu. Mwache mwanamke na vyombo vyake."

Nasambu akapiga.

Haikuwa sauti ya ngozi. Ilikuwa na ubati kidogo ndani, kama litungu lililomeza kijiko. Lakini nyuzi zilikaa. Alianza pale pa kiberiti, akapuliza, akaingia kwenye moshi, akapita. Soda ikasahaulika mkononi mwa dijei. Wanawake wa ghorofani wakatoka kwenye ngazi na kusimama, hata wasiojua ukoo wala lugha yake. Kukhu alikuwa anatikisa kichwa taratibu, na mkono wake mmoja unachota hewani kitu alichokuwa akichota alfajiri, miaka arobaini nyuma, kule Bungoma.

Wimbo ulipofika mwisho, pale ambapo uji huchemka, Wabwire alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha dada yake.

"Hapo napajua," alisema. "Hapo pa mwisho. Hapo ndipo nilipokuwa naamka." Akainama karibu na bega lake. "Lakini huko mwanzoni... Nasambu, huko kote kulikuwapo?"

"Kulikuwapo kila siku."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa umelala, kaka."

Wabwire aliingia nyumbani. Walimsikia akisogeza kiti, na televisheni ikilalamika. Akatoka na litungu la mzee, amelikumbatia na buibui wake. Akaketi chini, sakafuni, mbele ya dada yake, akaliweka mapajani. Kati ya magoti yao palikuwa na nafasi ya kupita kuku. Nasambu akarudisha miguu nyuma kidogo, ili hata upindo wa sketi usilifikie.

"Sijui linavyokazwa," Wabwire alisema chini chini.

"Mimi siruhusiwi kushika," Nasambu akasema. "Lakini masikio hayakuwekewa sharti."

Akazungusha kigingi chake cha kwanza, akagusa uzi. Ukalia. Wabwire akashika kitambaa cha zamani, kile alichokifunga baba yao, akakikamua. Uzi wa mzee ukatoa sauti ya mtu aliyelala mwaka mzima. Chini mno. Akakamua tena. Ukapanda, ukapanda. Halafu sufuria na ngozi vikasema neno moja kwa wakati mmoja, na haikuwezekana kujua lipi limetoka wapi.

Kitambaa kikateleza kidogo, sauti ikashuka. Wabwire akafuta macho kwa bega, mikono isiachie.

"Nipe tena," akasema. "Hiyo ya kiberiti."